Kikao kianze na kilichowaleta watu

Pita Ngamiani, mjini Tanga, baada ya swala ya Magharibi. Dele la kahawa liko juu ya jiko la mkaa, muuzaji anagonganisha vikombe, kashata imo sahanini. Waliokaa barazani ni mwalimu, fundi umeme, karani wa bandarini, dalali wa machungwa ya Muheza. Hao ndio ambao vyama vyao vya kazi na taaluma vinawalalamikia kwamba hawaji vikaoni, eti wametingwa. Muda wa baraza wanao, maana ndani ya robo saa mtu amejua bei imesimama wapi, kazi inapatikana wapi na nani anauguliwa.

Sasa tazama kikao cha chama. Kimetangazwa Jumamosi saa 4 asubuhi, kinaanza saa 5 na nusu kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani. Utambulisho, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita neno kwa neno, yatokanayo, taarifa ya fedha. Jambo lililowatoa watu nyumbani, tuseme tozo mpya au zabuni, limesukumwa kwenye “mengineyo”. Likifikiwa saa 8 mchana, nusu ya viti vitupu na waliobaki wana njaa. Aliyeondoka mapema hakudharau chama. Alikuwa na mteja anayemsubiri.

Dawa yake haina gharama. Muhtasari na taarifa ya fedha vitumwe siku tatu kabla, kikaoni vithibitishwe kwa dakika tano. Jambo kuu liwe la kwanza na lipewe dakika 40. Kikao kizima kisizidi dakika 75, na saa ya kumaliza iandikwe kwenye mwaliko kama inavyoandikwa ya kuanza. Anza kwa wakati hata kama wamefika saba. Ukiwasubiri waliochelewa, mwezi ujao waliowahi nao watachelewa. Kwa Tanga, Ijumaa mchana usiiguse, na kati ya Magharibi na Isha nafasi ni finyu mno. Saa 2 na robo usiku, watu wakiwa wameshaswali, inafaa zaidi.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa ili kikao kiwe halali, nayo imeua vyama vingi kimyakimya. Tuseme katiba ya chama inadai nusu ya wanachama. Daftari lina majina 60, ila wanaolipa ada ni 24. Wanahitajika 30, basi kila kikao kinavunjika. Rekebisheni kifungu kiseme theluthi moja ya waliolipa ada, yaani wanane. Ila kwa kubadili katiba au kuuza mali ya chama wekeni kiwango cha juu zaidi, wanane wasije wakauza kiwanja cha wote. Na marekebisho hayo yafikishwe kwa Msajili aliyekisajili chama. Yakibaki kwenye daftari la katibu, siku ya mgogoro hayatawasaidia.

Kwa vyama vya kitaaluma kuna fursa ambayo matawi ya mikoani yanaiacha ipite. Mawakili, wahasibu na wahandisi wana masharti ya mafunzo endelevu. Kwenda kuyafuata Dar es Salaam ni safari ya kilomita 350 hivi, nauli, chumba cha kulala na siku mbili nje ya kazi. Tawi likiandaa mafunzo ya nusu siku hapahapa mjini, mwanachama anaiona ada yake ikirudi mkononi. Ombeni kibali cha bodi au chombo kinachosimamia taaluma hiyo kabla ya kutangaza. Mafunzo yasiyotambuliwa yanawavunja watu moyo kuliko kutokuwa na mafunzo kabisa.

Ada ya shilingi 60,000 msiidai kwa mkupuo Januari, mwezi wa sare na madaftari ya watoto. Elfu 15 kila robo mwaka inalipika. Ipokelewe kwa lipa namba yenye jina la chama, wala si simu ya mweka hazina, na risiti itoke siku hiyohiyo.

Misiba inahitaji uangalifu wa peke yake. Kuzikana ni sehemu ya utu wetu, na chama kisichofika msibani hakina haja ya kuitwa chama. Lakini michango ikichanganywa na ada, baada ya mwaka mmoja chama cha kitaaluma kimegeuka chama cha kuzikana, na fedha za mafunzo hazipo. Tengeni mfuko wake, wenye kiwango kilichoandikwa: mwanachama kiasi gani, mzazi kiasi gani, mtoto kiasi gani.

Mwanachama mpya apewe kazi ndani ya siku 30 za kwanza: ndogo, ya saa mbili, yenye tarehe ya mwisho. Kumpigia simu msemaji wa kikao kijacho, kwa mfano. Kamati ya kudumu inawatisha watu; kikundi cha wiki sita hakiwatishi. Ukatibu nao ugawanywe: mmoja aandike muhtasari, mwingine atunze daftari la wanachama.

Na aliyekosa vikao vitatu mfululizo apigiwe simu na mwanachama wa kawaida anayemfahamu, kabla ya barua ya onyo kuandikwa. Aulizwe hali ya nyumbani, kisha aulizwe ni jambo gani likijadiliwa atakuja. Jibu liandikwe na lipelekwe kwa anayepanga ajenda. Suala la ada lisitajwe kabisa kwenye simu hiyo.