Takeshi's Castle: nani ana haki ya kusimulia anguko la mwenzake?

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wapo watu wazima wanaokumbuka sinema za utotoni kwa sauti ya mtafsiri kuliko kwa jina la mwigizaji. Mtafsiri wa kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea sinema, alisimulia, akatania, akaongeza chumvi, na pengine jambazi wa Hong Kong aligeuka kuwa shemeji wa polisi. Wengine walilipa kiingilio kwa ajili yake tu. Wengine walitoka wakinung'unika kwamba mkanda umeharibiwa. Ubishi huohuo umekiandama kipindi kimoja cha Kijapani tangu kilipovuka mipaka ya kwao, na nadhani huko unaonekana wazi zaidi kwa sababu kipindi chenyewe hakina hadithi. Kina watu wanaoanguka kwenye matope.

Takeshi's Castle kilianza kurushwa na kituo cha TBS cha Tokyo Mei 2, 1986. Kilikwenda hadi Aprili 1989, kikafuatiwa na vipindi maalumu hadi 1990. Mchekeshaji Takeshi Kitano alikuwa bwana wa ngome, na mwigizaji Hayato Tani alikuwa jenerali wa kuongoza mashambulizi. Kila safari walianza raia wa kawaida zaidi ya 100. Walivuka dimbwi kwa kurukia mawe ambayo baadhi hayakushikiliwa na kitu chini, walikimbilia milango ambayo mingine ni karatasi na mingine ni mbao ngumu, na wachache waliosalia walipanda vigari kupambana na Takeshi kwa bunduki za maji. Zawadi ilikuwa yen milioni 1. Mara nyingi sana ilibaki bila mwenyewe.

Baadaye kikasafiri, na kila kilipofika kikavishwa sauti mpya. Hispania walikirusha mapema, mwaka 1990, kwa jina la Humor Amarillo. Uingereza kilipata umaarufu kuanzia 2002 kwenye kituo cha Challenge, Craig Charles akisimulia. Mwaka 2003 kituo cha Spike cha Marekani kilikuja na MXC, toleo lake la kipindi hicho, lililodumu hadi 2007. India nao wakamsikia Javed Jaffrey akikichekesha kwa Kihindi.

Mwenye macho haambiwi tazama, ndiyo hoja ya wanaotaka kipindi kiachwe kilivyo. Mtu akiteleza na kutumbukia majini, anayetazama Kasulu na anayetazama Osaka wanacheka kwa wakati mmoja. Ya nini kumwekea mtu wa kumweleza? Hoja nzuri, ila ina tundu. Macho hayajui kwamba jiwe la tatu linazama. Hayajui kwamba huyu akivuka amebakiza vikwazo viwili, wala kwamba aliyetangulia alianguka hapohapo. Anguko lisilo na kanuni huchekesha mara moja, na la kumi linachosha. Msimulizi ndiye anayelitia uzito, na kwa hilo niko upande wa mtafsiri bila kusita.

Shida inaanza pale msimulizi anapoona kanuni zenyewe zinambana. MXC walitupa maneno yote ya Kijapani. Washiriki walipachikwa majina na kazi za kubuni, wakagawanywa katika timu mbili ambazo hazikuwahi kuwapo, na mwishoni yakatangazwa matokeo ya kubuni. Ni kama Mashujaa wanacheza Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mtangazaji anawabatiza wachezaji upya na kujitungia mabao. Utacheka, lakini mpira hukuuona. Wahispania nao walimzua mshiriki waliyemwita Chino Cudeiro, aliyekuwa "anakufa" karibu kila kipindi. Mtu yeyote aliyeumia vya kutosha aliweza kuwa yeye. Kwamba mshiriki ni Mjapani huku jina likimwita Mchina, hilo halikumsumbua mtu studio. Wanaowatetea husema ulikuwa utani wa wazi, na mtazamaji alijua anadanganywa. Huenda alijua. Lakini yule kijana aliyejiandikisha Yokohama ili aivamie ngome hakuulizwa.

Lazima tukubali pia upande wa pili wa hesabu. Bila sauti hizo za kigeni, kipindi kilichokwisha 1990 kingebaki kumbukumbu ya Wajapani wa rika fulani. Kilichokipa uhai hadi leo, na kufanya vipande vyake vizunguke kwenye simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, ni hao wapotoshaji. Na kipindi kikipendwa, waigaji hawachelewi: kituo cha ABC cha Marekani kilipoanzisha Wipeout, mashindano ya vikwazo, mwaka 2008, TBS walikwenda mahakamani wakidai vikwazo vyao vimeibwa, na shauri likamalizwa kwa maelewano mwaka 2011. Ajabu kidogo, kwamba kuchukua wazo la kikwazo kulifikishwa kortini, ilhali kumbadilisha mtu jina na kazi kuliruhusiwa ndani ya mkataba.

Mtafsiri wetu wa kibandani yuko kinyume chake kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri, na mikanda ile haikuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Kisheria hana la kujitetea. Ila kwa waliomsikiliza, alikuwa mwaminifu kuliko wengi waliolipia ruhusa: alitania sana, lakini adui wa sinema alibaki adui na anayekufa alikufa pale alipokufa.

Toleo jipya la Prime Video la 2023 limepita katikati. Mchezo umepigwa picha Japani, na Uingereza wakawekewa wasimulizi wao wawili, Romesh Ranganathan na Tom Davis. Kikija kwa Kiswahili, ningeikabidhi kazi hiyo kwa mtafsiri wa kibanda umiza, alipwe kama msanii, kwa sharti kwamba asiguse kanuni za mchezo wala asimzulie mshiriki utambulisho. Wapo watakaosema hapo umeshamfunga mikono. Craig Charles alisimulia vipindi zaidi ya 100 akifuata mchezo uleule uliokuwa mbele ya macho yake, na hakuishiwa utani.