Auburn hawakubahatisha siku ile

Kila ikikaribia mwisho wa Novemba, Auburn na Chuo Kikuu cha Alabama, watani wa jadi wa jimbo moja huko Marekani, wanakutana kwenye mechi ya mpira wa Kimarekani iitwayo Iron Bowl. Na kila mwaka yanafufuliwa yale yale ya 2013, kwamba Auburn walibebwa na bahati. Mimi hilo silikubali hata kidogo.

Ilikuwa Novemba 30, uwanja wa Jordan-Hare, nyumbani kwa Auburn. Alabama ya kocha Nick Saban ilikuwa namba moja nchini, matokeo 28-28, muda umekwisha. Saban akang'ang'ania kuwa mchezaji wake alitoka nje ya mstari kabla saa haijafika sifuri. Waamuzi wakatazama video, wakamrudishia sekunde moja. Akaamua ipigwe teke ya yadi 57 ipite kati ya nguzo, apate pointi za ushindi. Mpira ukaishiwa nguvu njiani, Chris Davis wa Auburn akaudaka akiwa mwisho kabisa wa uwanja, akakata kushoto, akaambaa na mstari wa pembeni mpaka upande wa pili, akafunga. Auburn 34, Alabama 28.

Wanasema ni bahati ya mtende. Bahati ipi? Kanuni iko wazi: teke isipofika, mpira bado unachezwa. Yadi 57 ni mbali kwa mpigaji yeyote wa chuo, na Adam Griffith aliyepewa kazi ile alikuwa kijana asiye na uzoefu, kwa kuwa teke tatu za Cade Foster siku hiyo hazikuzaa kitu. Halafu kikosi cha kulinda teke hujazwa watu wa miraba minne. Kazi yao ni kusimama wazuie, si kumkimbiza mtu mwepesi uwanja mzima. Kocha Gus Malzahn alijua hayo, ndiyo maana akamweka Davis kule nyuma. Na Davis hakuokotwa tu: wiki tatu kabla, dhidi ya Tennessee, alirudisha mpira yadi 85 akafunga. Tazama tena video, usimwangalie yeye, waangalie wenzake walivyojipanga upande wa kushoto kumfungulia njia. Watu hawajipangi vile kwa kubahatisha.

Bahati ninayoikubali ilikuja wiki mbili kabla, uwanja huo huo, dhidi ya Georgia, ambao nao ni watani wa Auburn. Auburn wana nafasi ya mwisho ya kusogeza mpira, zinatakiwa yadi 18 la sivyo wanaupoteza, muda unayoyoma. Nick Marshall akaurusha mpira mbali. Walinzi wawili wa Georgia wakaurukia kwa pamoja, ukawagonga, ukapaa, ukamwangukia Ricardo Louis aliyekuwa anakimbia nyuma yao. Goli la yadi 73, na mechi ikaisha 43-38. Hakuna kocha anayefundisha vile. Georgia nawaonea huruma mpaka leo.

Kwa hiyo bahati ipo, na kwenye mchezo huu ina nafasi kubwa. Watani wanakutana mara moja kwa msimu, marudiano hakuna. Mpira wenyewe una ncha mbili, ukimponyoka mtu ukadunda, hakuna ajuaye utaelekea wapi. Jioni moja aliye dhaifu anaweza kumpiga mwenye nguvu.

Ila hesabu ya miaka haidanganyi. Kuanzia 2007 hadi 2023 Saban alicheza na Auburn mara 17, akashinda 12. Mwaka 2012, kabla tu ya mechi ile, aliwapiga 49-0. Ushindi wa 12 kati ya 17 unatokana na kusajili vijana bora na kuwanoa.

Na kati ya 5 alizopoteza, 4 zilichezwa Jordan-Hare. Mwenye kutaka kujua kilichokuwa kinamsumbua Saban aanzie hapo, kwenye kelele za watu zaidi ya 80,000 wanaomfanya mchezaji asisikie maelekezo ya mwenzake aliye hatua mbili tu kutoka alipo.