Tulimfungia Baba duka

Ndugu zangu mlioko nje, kama mna mzazi mwenye duka nyumbani, nawaomba msimfungie. Sisi tulimfungia wetu, kwa nia njema kabisa, na marehemu hakutulaumu hata siku moja.

Baba alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka, sisi tukilala vyumba vya uani. Akitoka msikitini alfajiri anafungua; akifunga, mtaa umeshalala. Sukari aliipima robo na nusu robo akaifunga kwa gazeti, mche wa sabuni akaukata vipande. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, sabuni ilikuwa adimu na kila mwenye duka alikaa roho juu. Nilikuwa darasa la pili. Mama alikuwa akitufulia kwa majani ya mpapai huku mumewe anauza sabuni, akalalamika, na haki yake. Baba akamjibu, "Kwanza kila nyumba ipate kipande." Cha kwetu kilikuja mwisho, chembamba kama biskuti.

Watoto saba tulisomeshwa na chumba kile. Chakula cha mchana Baba alikila juu ya gunia la mchele, nasi tumemzunguka, kwa sababu duka halikufungwa mchana. Kuzidisha alinifundisha kwa mawe ya mizani. Mtu akisema baba mfanyabiashara hana muda na watoto wake, mimi simwelewi, kwani wetu hatukuwahi kumkosa. Alikuwa hatua nane kutoka kitandani kwangu.

Na kulikuwa na daftari. Watu wa bandarini walilipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo kuanzia tarehe 15 nusu ya mtaa ilikula kwa daftari. Muuza mandazi alichukua unga alfajiri, akalipa jioni. Baba mwenyewe alichukua mzigo kwa wenye maduka ya jumla karibu na soko la Mgandini, akilipa kadiri bidhaa zinavyotoka. Hakuna aliyetia saini popote. Mkosaji alijulikana, na aliyefiwa au kuuguliwa alijulikana pia, akaongezewa siku kabla hajaomba.

Mimi sasa nina miaka 19 hapa Leicester, Uingereza. Siidharau nchi hii. Nina daktari wangu, nina mapumziko yangu, na nikifika umri wangu nitapata pensheni ya serikali. Nadhani ndipo tulipopotelea. Tulizoea kwamba mtu akifika miaka fulani anaacha kazi, na kuacha kazi ni zawadi. Baba alipofika 74, presha ikawa juu, na kliniki haendi kwa sababu ya duka. Kaka yangu aliyeko Muscat akaitisha kikao kwenye simu. Tukakubaliana: kila mmoja atoe chake kila mwezi, mzee apumzike. Baba alisikiliza, akasema, "Haya, wanangu, mkiona hivyo." Kuhusu kliniki tulikuwa sahihi, na nitasema hivyo siku zote. Kwa nini hatukuwaza kumlipa kijana akae dukani siku ya kliniki, hilo ndilo linaloniuma.

Chumba tukampangisha wakala wa pesa za simu. Baba akatoa kiti chake barazani, pembeni ya wakala. Watu walimpa shikamoo na kupita, wakaingia kwa kijana, wakatoka. Nilipompigia simu hakuniuliza habari za kazi. Aliuliza, "Huko sukari kilo bei gani sasa? Na mchele?" Nilikuwa namjibu harakaharaka, nimesimama kituoni nasubiri basi. Mtu aliyelipa ada zetu akawa anangoja ujumbe wa simu kila tarehe 3, na ukichelewa hasemi. Mama ndiye alikuwa akiniambia kwamba mzee hana hata nauli, na hataki niambiwe.

Jirani na ninapoishi kuna duka la kona. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, mmoja wa wale takriban 28,000 walioingia Uingereza baada ya Idi Amin kuwapa siku 90 mwaka 1972. Kiswahili anakijua, cha zamani na kitamu. Aliwahi kunisimulia kwamba baraza la mji huu lilitoa tangazo gazetini huko Uganda kuwaomba wasije Leicester, na wao wakaja. Duka sasa linaendeshwa na mwanawe na mkwewe. Lakini yeye yupo, kwenye kiti cha juu karibu na kaunta, miaka zaidi ya 80, anapanga magazeti, anauliza kila mtu hali. Anakwenda kwa daktari, anarudi kwenye kiti. Wanawe wameishi hapa maisha yao yote, na hakuna aliyemwambia apumzike. Nilimpita kila siku bila kujiuliza kwa nini.

Baba alifariki mwezi wa Rajabu, kabla ya adhuhuri. Alasiri alikuwa ameshazikwa, nami niko kazini, nasoma kwenye simu. Nilifika siku ya nne, turubai limeshatolewa. Kaka aliniambia kwamba kabla ya kuswaliwa alisimama akatangaza anayemdai marehemu ajitokeze, na hakuna aliyesema neno. Mimi nikamuuliza Mama kuhusu wale waliokuwa wakidaiwa na yeye. Akafungua sanduku la nguo, akanipa daftari. Kurasa za mwisho zote zilikuwa zimepigwa mstari kwa rula, mstari mmoja mmoja, wiki ileile tuliyofunga duka. Mama alisema alimuuliza sababu, akajibiwa, "Nitawadaije, na duka sina?"

Niliporudi Leicester nilikwenda kununua maziwa. Mzee akanitazama. "Ulipotea, mama." Nikamwambia nimefiwa na baba. Akasema pole, akaniambia nikae, akavuta kreti ya plastiki. Akauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani, nikasema alikuwa na duka, Tanga. Akauliza kama alipima sukari kwa robo. Ndiyo. Na mafuta ya taa? Ndiyo, kwa kikopo, nje, yasinuse kwenye mchele. "Hivyohivyo," akasema, "sisi pia tuliweka nje." Mkwewe akawa anahudumia wateja, na sisi tukaendelea, kitu kimoja kimoja, viberiti, chumvi, majani ya chai, mpaka rafu zote za Baba zikajaa tena.