Gunia langu au gunia la tajiri?

Mwaka jana nilimsindikiza mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuwa akikusanya data za utafiti wake, kwenda Ilungu, huko juu kwenye viazi, Mbeya Vijijini. Alikuwa na dodoso la kurasa sita, limechapwa vizuri, nakala zimefungwa kwa mpira, na swali la 14 lilisomeka hivi: "Msimu uliopita ulivuna magunia mangapi ya viazi?" Mama wa kwanza tuliyemkuta alikuwa anachambua mbegu mbele ya nyumba yake. Kijana akamwamkia, akajieleza, wakaenda vizuri mpaka walipofika kwenye swali hilo. Mama akaacha kuchambua, akamtazama.

"Gunia langu au gunia la tajiri, mwanangu?"

Kijana akanigeukia. Mama akaona hatujaelewa, akafafanua. Gunia lake ni lile analojaza mwenyewe na kulifunga mdomo kawaida. La tajiri ni la mnunuzi anayekuja na lori: likishajaa linashonewa kichwa juu na kuongezwa viazi mpaka linakuwa refu kama mtu. Lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini mkulima wa huku anaijua kama anavyolijua jembe lake.

Siku moja kabla yangu kijana alikuwa amekwenda peke yake kitongoji cha jirani na kurudi na madodoso 40. Yote 40 yalikuwa na namba kwenye swali la 14. Hakuna hata moja lililosema gunia la nani.

Kila mwaka nakutana na wanafunzi wanaoogopa utafiti wa kitakwimu kwa sababu wanadhani ugumu wake uko kwenye hesabu. "Mwalimu, mimi hesabu zilinishinda tangu sekondari." Nawaelewa, na sipendi wanavyoishia kumlipa mtu wa stesheneri awatolee majedwali wasiyoweza kuyaeleza mbele ya jopo. Lakini hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Wastani, asilimia, hata jaribio la kulinganisha makundi mawili, kompyuta inafanya kwa sekunde moja, na inafanya vilevile hata kama umeijaza takataka. Kompyuta haiwezi kukuuliza gunia la nani. Utafiti huharibika kabla haijawashwa, pale ulipoamua utahesabu nini, utamhesabu nani, na utamlinganisha na nani.

Huko kuhesabu nini ndiko vitabu vya mbinu vinakuita kupima kigeu, yaani kitu kinachobadilika toka mtu hadi mtu, na mwanafunzi hukariri maana yake kwa mtihani. Ukienda kijijini maana inabadilika. Chukua heka. Huku kwetu mtu akisema heka ana maana ya ekari, lakini mwanafunzi aliyesoma vitabu huandika hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mavuno kwa eneo yakishagawanywa kwa kipimo kisicho chake, jedwali zima limepotea na hakuna atakayejua. Halafu heka yenyewe hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Mzee mrefu na mjukuu wake hawapati shamba moja.

Au chukua yale maswali ya "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa". Rensis Likert aliyaanzisha Marekani mwaka 1932 na yana kazi yake. Lakini mbele ya mgeni aliyetoka chuoni na barua ya mtendaji wa kata mkononi, mzee wa Umalila atakubali kila kitu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kumpokea mgeni. Unarudi mjini na asilimia kubwa ya "nakubali" ukidhani umepata maoni, kumbe umepimiwa adabu. Ukiweza, uliza alichofanya: alinunua mifuko mingapi ya mbolea, lini, kwa fedha ya wapi. Mtu hujibu kwa uhakika zaidi juu ya mfuko aliobeba mgongoni.

Turudi kwa kijana wetu. Andiko lake liliitwa "Athari za mbolea ya ruzuku kwa mavuno ya viazi". Ruzuku ya mbolea ilirudi msimu wa 2022/2023: mkulima anajiandikisha, anapewa namba, ananunua kwa bei pungufu. Mpango wake ulikuwa kuwahoji walioipata na wasioipata, mara moja, kisha kulinganisha magunia. Nikamuuliza swali moja: huko kijijini, nani anajiandikisha mapema? Akafikiri, akajibu mwenyewe. Mwenye simu. Anayekaa karibu na barabara. Mwenye shamba kubwa, asiyekosa mikutano ya kijiji. Sasa watu hao hao, hata ruzuku isingekuwepo, wangevuna sawa na jirani yao asiye na simu? Akanyamaza.

Hapo ndipo ninaposimama, na najua walimu wenzangu wengine hawakubaliani nami. Kama unahoji mara moja tu, futa neno "athari" kwenye kichwa cha utafiti. Andika "uhusiano". Unachoweza kuonyesha ni kwamba vitu viwili vinakwenda pamoja. Kwamba kimoja kimekileta kingine ni dai zito zaidi, na linahitaji usanifu, yaani mpango wa utafiti, wa kulibeba. Wanafunzi hupenda "athari" kwa sababu linasikika kama kazi kubwa, na sisi wasimamizi tunaliacha lipite kwa sababu tuna maandiko 20 ya kusoma kabla ya Ijumaa. Lawama kubwa ni yetu.

Anayetaka kuona usanifu unaoweza kubeba neno hilo asiende mbali, apande daladala ya Uyole. Pale kituo cha utafiti wa kilimo wameshughulika na majaribio ya mashamba kwa miaka mingi. Tuseme unalinganisha mbolea tatu, na shamba lina mteremko, kama mashamba mengi ya Mbeya. Chini unyevu na rutuba hukusanyika. Ukiweka mbolea ya kwanza chini na ya tatu juu, umelinganisha mteremko, hujalinganisha mbolea. Kwa hiyo shamba linakatwa vitalu vinavyokingama na mteremko, kila kitalu kinapata mbolea zote tatu, na kipande kipi kipate ipi huamuliwa kwa kura. Kura ndiyo moyo wa jambo zima, kwa sababu inaondoa mkono wa mtafiti na upendeleo wake, hata ule asioujua. Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza mwaka 1919 akiwa amezungukwa na takwimu za mazao, ndiye aliyeisimamia hoja hiyo mpaka ikawa kawaida. Kura hiyohiyo hutumika kwa binadamu. Mbeya imeshiriki majaribio ya chanjo ya VVU, na nani apate chanjo na nani apate ya kulinganishia hakuchagua daktari wala mshiriki.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye miezi miwili na bumu lake hawezi kuamua kwa kura nani apewe ruzuku. Sawa. Anaweza kutafuta wakulima wanaofanana kwa ukubwa wa shamba na umbali wa barabara, mmoja amepata na mwingine hakupata, akawalinganisha hao. Anaweza kutumia kumbukumbu za miaka ya kabla, kama kijiji kinazo. Asipoweza hata hayo, aseme uhusiano na aeleze mipaka yake bila aibu. Hiyo ni kazi halali kabisa.

Kisha kuna kanuni ya Yamane, ya kukokotoa uhoji watu wangapi. Ni nadra nisome sura ya tatu ya andiko, ile ya mbinu, isiyo nayo: idadi ya watu, gawanya kwa moja ukijumlisha idadi hiyohiyo mara kiwango cha kosa kipeo cha pili. Huwa nawapa wanafunzi zoezi. Weka mkoa wa Mbeya, watu 2,343,754 kwa sensa ya 2022, kosa 0.05. Jibu ni 400. Sasa weka Tanzania nzima, watu 61,741,120. Jibu ni 400. Darasa hutulia kidogo. Maana yake ni kwamba ukubwa wa sampuli haukui pamoja na ukubwa wa nchi, kama vile mpishi haonji bakuli zima ili kujua chumvi ya sufuria kubwa. Lakini mpishi amekoroga kwanza! Kanuni ile inachukulia kwamba umekoroga, yaani watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Ukisimama mlangoni mwa soko la Mwanjelwa ukamhoji kila anayekubali kusimama mpaka wafike 400, unayo 400 ya watu wenye nafasi ya kusimama Mwanjelwa mchana. Tena kanuni hiyo imetengenezwa kwa kukadiria asilimia. Anayelinganisha wastani wa mavuno wa makundi mawili anahitaji hesabu nyingine, inayouliza tofauti anayoitafuta ni kubwa kiasi gani na mavuno yametawanyika vipi.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye urais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa hali ngumu ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Mimi niko radhi na kaya 120 zilizochaguliwa vizuri kuliko hao milioni 2. Na kuchagua vizuri hakuhitaji programu yoyote. Omba daftari la kaya kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kama kuna kaya 600, unahitaji moja katika kila tano: chukua vikaratasi vyenye namba 1 hadi 5, vuta kimoja, anzia hapo, kisha ruka tano tano mpaka mwisho. Nyumba ikiangukia juu ya kilima, panda kilima.

Wengi hawapandi. Wanajifungia gesti wakajaza wenyewe, wanaita kupika data. Nimeona madodoso ya namna hiyo na huwa yananiumiza, kwa sababu mtu ametumia akili nyingi kutengeneza uongo ambao ungemchukua siku nne kuwa ukweli. Hujulikana kwa unadhifu wake. Hakuna aliyekataa swali, hakuna aliyesema sijui, wazee wana umri wa miaka 63, 58, 71. Wazee wetu wengi ukiwauliza umri watakwambia 60, 65, 70.

Kijana wangu hakupika. Tulikaa chini ya mparachichi wa yule mama, akayaweka pembeni yale 40 ya kwanza, na wiki iliyofuata akarudi na mzani wa kuning'iniza wa kilo 100 alioazima mjini. Tukaufunga kwenye tawi. Gunia la mama likapanda, mshale ukatulia, akaandika. Kisha akawaomba vijana wa lori lililokuwa limeegeshwa barabarani watuletee moja la kwao. Walikuja watatu wakihema. Mshale ukazunguka mpaka mwisho wake ukakwama, na gunia lilikuwa bado linagusa chini.

Akaandika "zaidi ya 100". Akaangalia alichoandika, akakikata kwa mstari, akawaomba wale vijana walifungue ili apime viazi hivyo kwa mafungu mawili.