Umeachwa? Haya, Beba Jenereta

Jamani, kuachwa kumepanda bei. Zamani mtu wa Mbeya akiachwa alijifungia ndani wiki nzima, akitoka amekonda anasema ilikuwa malaria. Siku hizi anataka wimbo wa roki wenye gitaa linalokwaruza, na video yenye mvua, shati jeupe na mwendo wa polepole. Ukimwambia Bongo Fleva ingetosha anasema hapana, ile inabembeleza, yeye ana hasira.

Haya, huo mwendo wa polepole. Kamera inashuti picha 25 kwa sekunde. Ukitaka upole wa mara mbili unashuti 50, halafu unazichezesha kwa 25. Mdomo unapungua kasi, wimbo haupungui. Kwa hiyo siku ya kushuti wimbo lazima upigwe kwa kasi maradufu: mapigo 80 kwa dakika yawe 160, dakika nne ziwe mbili, na huyo mwenye uchungu aimbe "kwa nini umeniacha" kama konda wa Mwanjelwa anayegombea abiria wa Uyole. Sasa hapo chozi litoke saa ngapi? Na hilo faili la kasi linaandaliwa studio mapema, mwanzoni likiwa na milio minne ya kuhesabu ili mwimbaji asidandie neno la kwanza likiwa limeshaondoka. Nani anaandaa? Watu wanapanda mlimani na wimbo uleule waliotumiwa WhatsApp!

Spika nayo. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwenye baridi pungufu kidogo. Msimamishe mwimbaji juu ya jiwe la Gangilonga pale Iringa, spika iache kwenye gari mita 34 kutoka alipo, wimbo unamfikia umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani picha mbili na nusu. Edita anasema atasogeza tu. Sogeza! Mdomo ukikaa sawa, mpiga dramu aliyekuwa karibu na spika anapiga kabla ya wakati, na roki bila dramu ni mtu anayefoka peke yake. Spika ndogo ifichwe miguuni mwa mwimbaji, basi. Na matoazi yafungwe vitambaa, maana dramu ikipigwa kweli hakuna anayeusikia wimbo, na ikipigwa kwa kudonoa kila mtu anaona ni uongo.

Halafu kuna wanaosukuma jenereta mpaka kwenye mahindi ya watu eti linapiga kelele. Sauti ya kwenye video inatoka studio, kelele inamdhuru nani, ilimradi mwimbaji anaisikia spika? Tatizo la jenereta chovu ni umeme usiotulia: taa za LED za bei poa zinapepesa, na video inakuja na michirizi kama kanga iliyochuja. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo shata, yaani muda ambao kamera inafumbua jicho kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde, au 1/100 ukishuti picha 50. Mtu anaweka 1/60 halafu anailaumu kamera.

Mvua ndiyo inayonimaliza. Machi, Mbeya inanyesha mpaka vyura wanaomba poo, na kamera haioni kitu. Tone la maji ni kioo, linaonekana taa ikilimulika kutoka nyuma, na nyuma pawe peusi. Kwa hiyo unakuta watu wamelowa mvua ya Mungu huku wameagiza pipa la lita 200 na mpira wa kumwagilia bustani. Mpira wa lita 20 kwa dakika unalimaliza kwa dakika 10, kabla dairekta hajakubali hata kipande kimoja.

Njombe, Julai, usiiingize kamera yenye baridi kwenye chumba chenye jiko la mkaa. Lenzi inalia kuliko mwimbaji. Iache kwenye begi lililofungwa nusu saa.

Na gitaa la kupasua mwishoni? Ndani ya shingo kuna nondo ya chuma, halivunjiki kama kwenye sinema, linadunda na kurudi kwenye ugoko wa aliyelipiga. Chukua bovu, shingo likatwe kwa msumeno karibu lote, kisha lipakwe rangi ya lile zima. Zima lirudishwe Ijumaa, kwaya ina mazoezi Jumamosi.