Kochi Lililosema Shikamoo

Haya, kwa kuwa shosti yangu ameshairusha ile video yangu ya kwenye uzinduzi wa hoteli kwenye grupu la kikoba, na kutoka kikobani imeshafika Manyoni kwa mama mkwe, acheni na mimi niseme. Yeye kawaambia nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Glasi yangu ya mvinyo wa zabibu ilikuwa mezani, imejaa. Kwenye video inaonekana, tazameni upande wa kushoto kabla haijaruka.

Jina la hoteli silitaji, bado nataka kuishi Dodoma kwa amani. Aliyepata kadi ya uzinduzi ni yeye, kadi ya watu wawili, na shemeji yuko safari. Kwenye bajaji akanipa darasa ili nisije kumwaibisha mbele za watu. Kwamba hii si gesti ya kulala na kuondoka, ni hoteli ya kisanaa. Kwamba New York walifungua hoteli inaitwa Morgans mwaka 1984, akaipamba mama mmoja wa Kifaransa, Andrée Putman, bafuni akaweka vigae vya drafti vyeusi na vyeupe, dunia nzima ikaongea. Kwamba watu wa mitindo nao wakaona kumbe huko kuna ulaji: Versace wakaweka jina lao kwenye hoteli ya Gold Coast kule Australia mwaka 2000, Armani akafungua ya kwake mwaka 2010 ndani ya Burj Khalifa, Dubai, kuanzia viti mpaka taa ni ladha yake.

"Yaani kule," shosti akasema, "mgeni ni kama ameingia ndani ya nguo."

Hayo maneno yashikeni.

Sasa gauni. Nina fundi wangu pale karibu na soko la Majengo. Majuzi alinitolea kitenge chini ya meza, anaangalia huku na huku kama anauza meno ya tembo. Rangi ya udongo mwekundu, na juu yake vijitu virefu, vyembamba, vichwa vimetuna, ile michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. "Dada, hiki duka lolote hukipati. Kimebaki kipande hiki tu." Bei akanipunguzia bila hata kuombwa. Hapo ningetakiwa kuhoji, lakini nani anahoji fundi anayepunguza bei? Nikashonesha gauni la kuburuza chini, mikono mipana, na kilichobaki nikapiga kilemba. Mnaonijua mnajua huwa sifanyi nusu nusu.

Tukaingia. Aliyechora lile jengo kachukua tembe la Kigogo: kuta nene za rangi ya udongo, paa bapa, madirisha madogo madogo. Kazi nzuri, nasema kweli. Ila tembe la bibi yangu lilikuwa na giza kwa sababu bibi hakuwa na umeme. Hawa wana umeme, wana na jenereta, na bado wameweka vitaa vya kufifia ukutani eti ndiyo hadhi yenyewe. Ukitoka kwenye jua la Dodoma la saa kumi ukaingia mle, unatembea kwa kupapasa.

Macho yalipozoea, kitu cha kwanza kukiona ni mapazia. Yamevaa gauni langu.

Nikageuka. Makochi yamevaa gauni langu. Mito, gauni langu. Vitambaa vya meza, gauni langu. Wakapita wadada wawili na trei za vitafunwa, gauni na kilemba, na vile vijitu vya Kondoa vimejipanga kifuani kama mimi. Mmoja akanitazama juu mpaka chini akanisalimia kikazi: "Umekuja na gari la saa ngapi?"

Shosti alicheka mpaka akaegemea nguzo. Rafiki wa kweli angeniazima mtandio. Yeye akatoa simu.

Sikukaa hata vizuri, baba mmoja akanionyeshea kisahani: "Dada, tuongezee mishikaki huku." Niambieni nyie mngefanyaje. Uanze kumweleza historia ya fundi? Nikaenda, nikaleta mishikaki. Na pilipili nikamkumbusha. Msimamizi wao akanifuata kunifokea kwa nini sijavaa beji.

Ndipo nikaona dawa ni kujificha. Kule kona, chini ya ukuta uliochorwa, kulikuwa na kochi refu, limezama, sponji yake ukikaa magoti yanakuja kidevuni. Nikajitupa pale, nikaegemea nyuma, kilemba kwenye mito, mikono mapajani, nikatulia. Mpango ulikuwa hotuba zikianza tu, niondoke. Na nikiri, kwa mara ya kwanza siku ile lile gauni lilikuwa linanisaidia. Watu wanapita hatua moja kutoka miguuni kwangu na hakuna anayeniona.

Hakuna anayeniona. Mnaelewa tunakokwenda.

Akaja mzee mmoja wa heshima zake, mwili umeshiba, suti ya kijivu, wapambe wawili nyuma. Cheo chake msiniulize. Anaongea na simu kwa sauti ya juu kwamba yuko kikaoni. Akafika mbele yangu, akanipa mgongo. Nikajua amesimama tu.

Kisha nikaona mkono wa kushoto unarudi nyuma, vidole viwili vinashika pindo la koti, vinalipandisha taratibu. Jamani. Mwanamume akipandisha koti kwa nyuma, ameshaamua.

Mkono ule ule ukaachia koti, ukashuka kutafuta kochi. Ukalikuta goti langu. Ukalipapasa, ukalibonyeza, ukalipigapiga kidogo kama mtu anayepima sponji dukani, na naamini kabisa uliridhika, kwa sababu hapo hapo suruali ya kijivu ikaanza kushuka kuja kwangu.

Nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Naambiwa hilo na watu wote sasa hivi, asanteni. Lakini mimi nimelelewa na bibi, Mpwapwa. Mtu mzima humwanzi na "samahani", humwanzi na "angalia", humwanzi na lolote kabla hujamwamkia. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukatoa kilichofundishwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, kwa ile sauti ya mtu anayeamkiwa kutwa nzima, bila kugeuka, simu sikioni. Akamalizia kukaa.

Uzito nauacha. Nitasema tu kwamba pumzi ilitoka yote, na kifungo cha nyuma cha koti lake kilikuwa usawa wa pua yangu, cha rangi ya kahawia, uzi mmoja umelegea. Sitakisahau kile kifungo.

Akakaa. Akajiweka vizuri. Akamwambia mtu wa kwenye simu asubiri kidogo, maana adabu ni adabu, na akauliza hewani: "Hujambo?"

"Sijambo… mzee."

Kimya. Nikausikia mgongo wake unafikiri.

Yule mzee aliruka juu, huwezi kuamini ni mwili ule. "Kochi! Kochi linaongea!" Mguu ukachukua meza, meza ikachukua glasi, mvinyo wote ukamwagikia kochi, gauni halikupata hata tone. Mpambe wa kwanza akamkinga mkubwa wake. Wa pili akaja kuninyang'anya kilemba akidhani ni mto, akavuta, mto ukasema "nywele zangu, kaka!" naye akaachia akarudi nyuma mpaka kwenye mapazia. Mhudumu akafika na kitambaa, akafuta kochi, akanifuta na mimi, hakuuliza mpaka uko wapi.

Yaliyobaki ni mafupi. Mzee akaniomba radhi, nikamwomba radhi, akauliza kwetu wapi, akasema Mpwapwa anapafahamu. Hotuba sikuzisikia. Nikapanda boda mpaka nyumbani, na vumbi la njiani lilikuwa faraja kubwa. Shosti alibaki, akala.

Asubuhi nikampigia fundi nikiwa na maneno nimeyapanga. Hakunipa nafasi. "Dada, mbona hukuuliza? Tenda ya makochi na sare nilipata mimi, kitambaa kilichapishwa kwa oda. Lakini afadhali umepiga. Hotelini wamenitafuta alfajiri, kochi lao moja limemwagikiwa mvinyo halitakati, na kitambaa kimeisha kabisa. Lile gauni lako unaliachia kwa shilingi ngapi?"

Tumefika elfu themanini. Kilemba nimemwambia kina bei yake.