Rangi kwenye gemu sio utoto

Wapenda muvi wengi ninaobishana nao hapa Dar wanasema ukitaka kuona uchoraji umepewa heshima yake nenda kwenye muvi, kwenye gemu rangi ni ya kurushiana tu, mambo ya watoto. Mfano wao ni Loving Vincent ya 2017, muvi ya mchoraji Van Gogh iliyochorwa yote kwa mkono, na kiukweli hapo siwezi kubisha, watu waliteseka na ile kazi. Fremu kama 65,000 za rangi ya mafuta, wachoraji zaidi ya 100, waigizaji wanarekodiwa kwanza alafu mchoraji anachora fremu, inapigwa picha, anakwangua pale panaposogea, anachora tena. Na aliyewahi kukaa na wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay anajua rangi ya kopo inavyodai muda, ukiwahi kupaka nyingine juu kabla ya kwanza haijakauka umeharibu. Gemu nyingi hazina huo usumbufu, mechi ikiisha rangi yote inafutika. Hilo ni pengo la kweli.

Ila muvi nyingi za wachoraji zinamuongelea mchoraji. Madeni, mapenzi, ugonjwa, kifo chake, rangi yenyewe inabaki ukutani nyuma ya watu wanaogombana. Gemu inauliza kitu kingine kabisa, rangi ikishatua mahali inafanya nini?

Chukua Splatoon ya Nintendo, ilitoka 2015, najua mtaani kwetu mashine za Nintendo hazijazagaa kama PS kwa hiyo wengi wanaihukumu kwa kuangalia klipu tu. Ile mechi yake ya kawaida ni wanne kwa wanne, dakika 3, mnamwaga wino wa rangi, na mwisho hawahesabu umewatoa wapinzani wangapi, wanahesabu sakafu iliyochukua rangi yenu. Mimi hapa ndo huwa nakwama kwenye kuwaza, maana hii sheria moja inabadilisha kila kitu. Mtu asiyejua kulenga kabisa, anayezunguka kule nyuma anapaka kona zilizosahaulika, anaweza kuipa timu ushindi kuliko yule mkali anayewinda watu dakika zote 3. Kwenye rangi yako unaogelea haraka na tanki lako la wino linajaa, ukikanyaga ya mpinzani unakwama na inakuumiza. Ukuta hauna pointi, ila ukiupaka unapandika. Yaani rangi ndo ardhi, ndo njia, ndo ngao.

Sasa mtu wa Dar hilo anashindwaje kulielewa? Pita Manzese au Mbagala uangalie fremu za maduka, hii imepakwa rangi ya kampuni ya simu, ile ya soda, kampuni inaleta fundi na makopo na mwenye duka anakubali, baada ya muda mtaa una sura ya mwenye hela. Lile ni eneo limechukuliwa, na gemu ya "kitoto" imelieleza vizuri kuliko muvi yoyote ya mchoraji niliyoiona mimi.

Gemu ya De Blob ya 2008 inaenda huko huko, shirika linaitwa INKT limeondoa rangi mji mzima na kuipaka upya ndo ukombozi wenyewe. Gemu ya Okami ya 2006 inajibu hata ile hoja kwamba rangi ya gemu haina usumbufu: unachora duara angani jua linatoka, unachora mstari adui anakatika, lakini wino wa brashi una kikomo, ukitumia hovyo unaishiwa katikati ya pambano.

Bado wapenda muvi wana hoja kwenye mkono wa mchoraji na kukosea kwake, hapo gemu zimelala. Tingatinga imeshaingia kwenye katuni, Tinga Tinga Tales iliyoanza kurushwa 2010 ilitengenezewa Nairobi, na watoto waliipenda. Ninachotaka mimi ni mtu atengeneze gemu kutoka kwenye hiyo hiyo rangi ya kopo, ambayo ukiharakisha inachanganyika na ya chini, na mchezaji alazimike kupanga mechi yake kwa kufuata nini kimekauka na nini bado.